Nionyeshe karatasi ipi ya vipimo vya damu?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nimeolewa, nina watoto wawili, na kwa miaka mitatu sasa ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye ana maradhi ya usahaulifu wa uzeeni ambayo madaktari huyaita dimenshia. Mchana yupo binti anayenisaidia ninapokuwa kazini, lakini usiku ni wangu peke yangu. Mama huamka mara tatu au nne, akatafuta mlango wa nyumba aliyoihama zamani, na nisipowahi kumshika mkono huanguka. Usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu kiasi kwamba hata usiku anaolala vizuri mimi huamka saa zilezile, nikakaa gizani kusikiliza kama anapumua.

Tangu mwaka huu uanze nimeugua mafua mara tatu. Tena nilijikata kidole kwa kisu, jeraha dogo tu ambalo zamani lingepona kabla sijalikumbuka, na sasa ni wiki ya sita halijafunga sawasawa. Nilipokwenda kuonana na daktari aliagiza damu yangu ipimwe, zihesabiwe seli za kila aina. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alianguka saa nane, nikamwinua peke yangu, wala sikulala tena. Asubuhi nilichelewa, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne karibu nikikimbia, na saa mbili kamili nikachomwa sindano. Majibu yalionyesha seli nyeupe 11,200 kwa kila maikrolita ya damu, na kati ya hizo nutrofili, zile seli nyeupe zinazopambana hasa na bakteria, zilikuwa 9,400 na limfosaiti 900 tu. Daktari alisema limfosaiti ziko chini ya kiwango, kwamba huenda ni msongo, na kwamba turudie baada ya wiki tatu. Nilipofika nyumbani nilisoma kwamba limfosaiti ndizo zinazotengeneza kingamwili na kupambana na virusi, na kwamba msongo wa mawazo huziua. Siku hiyo nililia.

Mshauri, nilipoionyesha familia karatasi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu watu walinisikiliza. Mume wangu, ambaye siku zote amekuwa akisema mama ahamie kwa kaka yangu mkubwa, aliipiga picha akamtumia kaka. Kaka, ambaye jibu lake huwa ni "wewe ndiye uliyemzoea mama", alinyamaza siku mbili kisha akaitisha kikao cha familia mwisho wa mwezi. Mdogo wangu wa kike, ingawa ana watoto wadogo, alikuja akakaa na mama siku tisa ili mimi nilale chumba kingine.

Mwishoni mwa siku hizo tisa nilikwenda kurudia kipimo, safari hii saa kumi jioni baada ya kutoka kazini. Seli nyeupe zilikuwa 6,300, nutrofili 3,600 na limfosaiti 2,100. Daktari alitabasamu akasema kila kitu ni cha kawaida. Nami, badala ya kumshukuru Mungu, nilihisi kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Naona aibu kuyaandika haya.

Karatasi ya pili hakuna aliyeiona. Mume wangu anadhani majibu bado. Ameninunulia vidonge vya kuongeza kinga na anasisitiza kwamba kwenye kikao tusizungumze sana, tuiweke mezani karatasi ya kwanza. Sitaki kumdanganya kaka yangu, lakini najua pia kwamba akiiona ya pili atasema "kumbe mzima", na mdogo wangu atarudi kwake, na usiku utakuwa wangu tena. Je, kinga yangu imeharibika au haijaharibika? Kama haijaharibika, nina haki gani ya kusema nimeshindwa? Na nionyeshe karatasi ipi?

Mwenye Karatasi Mbili

*

Dada yangu Mwenye Karatasi Mbili,

Barua yako niliisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale unaposema ulihisi umenyang'anywa kitu mkononi. Uliiandika sentensi hiyo kwa aibu. Mimi nimeiona kuwa ndiyo ya kweli kuliko zote, na nitairudia baadaye. Kwanza nijaribu kusema nilivyokuelewa, ili kama nimepotoka unirekebishe. Unaniuliza juu ya damu: kama limfosaiti zako zilikufa, au zilifichika, au daktari alikosea. Unaniuliza pia juu ya ndugu zako: kama mtu ambaye vipimo vyake ni vizuri anaruhusiwa kuomba apunguziwe mzigo. Maswali haya mawili yamesokotwa pamoja kiasi kwamba jibu la la kwanza limekuwa kama hukumu ya la pili, na mimi ningependa tuyasokotoe taratibu. Ninaandika kama mshauri, si kama daktari wako, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu damu yapeleke kwake ayapime.

Tuanze na neno ulilolisoma, kwamba msongo "huua" limfosaiti. Halikuzuka hivihivi. Mwaka 1936 Hans Selye, mwanasayansi aliyeishi Kanada, aliandika kwamba panya waliopata mateso ya namna mbalimbali, kama baridi kali, majeraha na uchovu wa kupita kiasi, walionekana kuwa na tezi ya thaimasi, ile ya kifuani ambamo limfosaiti hukomaa, iliyosinyaa, na mitoki nayo imenywea. Ni kweli kwamba kortisoli, homoni kuu ya msongo, na homoni za jamaa yake, zikizidi sana, zinaweza kuua limfosaiti, hasa zile changa zilizo ndani ya thaimasi. Lakini panya huathirika kwa jambo hilo kwa wepesi kuliko binadamu. Isitoshe, mauaji hayaelezi kinachotokea kwa mtu baada ya usiku mmoja mbaya, kwa kuwa seli zilizokufa kwa wingi usiku haziwezi kurudi zote kwa wakati mmoja siku chache baadaye. Zako zilitoka 900 zikafika 2,100.

Damu, dada yangu, ni barabara. Katika limfosaiti zote za mwili wa binadamu, zilizomo kwenye damu kwa wakati wowote ni takriban asilimia 2 tu. Nyingine zote zimo kwenye mitoki, bandama, uboho, utumbo, mapafu na ngozi. Kwa hiyo anayepima damu ni kama mtu aliyesimama kando ya barabara kuu akihesabu wapita njia ili ajue mji una watu wangapi. Asubuhi fulani akiikuta barabara tupu, inawezekana watu wamepungua, lakini inawezekana pia wote wameingia mahali pa kazi. Kutoka pale aliposimama hawezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Watafiti Firdaus Dhabhar na Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walilifuatilia jambo hili kwa panya katika miaka ya 1990. Panya aliyebanwa mahali pembamba kwa saa mbili, limfosaiti za damu yake zilishuka sana, na alipoachiwa zilipanda tena ndani ya saa chache. Panya walioondolewa tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo na kutoa homoni za msongo, hawakuonyesha mabadiliko makubwa ya namna hiyo. Kisha watafiti hao wakajaribu ngozi. Panya aliyepata msongo wa muda mfupi kabla ya ngozi yake kupakwa kitu ambacho kinga yake ilikwisha kukifahamu, ngozi hiyo ilipambana kwa nguvu zaidi kuliko ya panya aliyekuwa ametulia, na seli zilizofika pale zilikuwa nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba seli ziliiacha damu zikaenda mahali ambapo mnyama anayekimbia au kupigana huenda akajeruhiwa.

Kwa binadamu mambo huenda kwa awamu, na ukizijua utaisoma karatasi yako kwa jicho jingine. Mshtuko unapotokea, adrenalini humwagika ndani ya sekunde. Seli nyingi zilizokuwa zimejibandika kwenye kuta za mishipa, na nyingine zilizokuwa kwenye bandama, huachia na kuingia kwenye mkondo wa damu, hasa zile zinazoitwa wauaji wa asili, ambazo kazi yake ni kuziangamiza seli zilizovamiwa na virusi. Katika utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1993, watu walioruka na parachuti kwa mara ya kwanza walipimwa damu kabla ya kuruka, mara tu baada ya kuruka na saa moja baadaye. Seli hizo ziliongezeka ghafla mara tu baada ya kuruka, na saa moja baadaye zikawa chache kuliko zilivyokuwa kabla hawajaruka. Damu ile kamwe isingeweza kumpa mtu jibu moja, kwani kila kitu kilitegemea sindano ilichoma saa ngapi.

Kortisoli huja nyuma ya adrenalini na hukaa kwa muda mrefu zaidi. Yenyewe huzivuta limfosaiti kutoka kwenye damu kwenda kwenye uboho na sehemu nyingine, na wakati huohuo huongeza nutrofili za damuni, kwa sababu uboho huzitoa kwa wingi na zile zilizokuwa ukutani hung'oka. Tena kortisoli ina saa zake hata kwa mtu asiye na shida yoyote: hupanda alfajiri na asubuhi, hushuka jioni na mwanzoni mwa usiku, na limfosaiti za damu huenda kinyume chake. Sasa irudie barua yako. Mama alianguka saa nane usiku, hukulala tena, ulipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa haraka (na mbio peke yake huongeza seli nyeupe damuni), ukachomwa sindano saa mbili asubuhi. Kipimo cha pili kilichukuliwa saa kumi jioni baada ya siku tisa za usingizi. Nutrofili nyingi na limfosaiti chache pamoja ndivyo damu ya mtu aliye katikati ya wimbi la kortisoli inavyoonekana. Nadhani daktari wako aliliona hilo, ndiyo maana hakukuandikia dawa bali alisema mrudie.

Hadi hapo utadhani nitasema kama kaka yako, kwamba wewe ni mzima, rudi kwenye usiku wako. Sisemi hivyo, kwa sababu jambo hili lina upande wa pili, na wewe unauishi.

Dhabhar na McEwen walipowapa panya msongo wa saa kadhaa kila siku kwa wiki kadhaa, ngozi iliyokuwa ikipambana kwa nguvu ilipambana kwa unyonge, na seli ambazo mwanzo zilihama kwa wepesi damuni sasa zilihama kidogo tu. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwalea ndugu wenye dimenshia, pamoja na wanawake wengine 13 wa umri wao wasio na jukumu hilo, wakawatoboa wote kijeraha kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono. Majeraha ya waleaji yalichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona. Kwa ujumla yalikaa wastani wa siku 48.7 dhidi ya 39.3. Sikuletei takwimu hizo kama vipimo vya kidole chako, ambacho kina sababu zake na kinapaswa kuonwa na mhudumu wa afya, lakini ulipoandika "wiki ya sita" niliwakumbuka wanawake wale mara moja. Kuhusu mafua, mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa Uingereza ambamo watu wenye afya wapatao 390 waliwekewa virusi vya mafua puani kwa hiari yao. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi katika maisha yake, ndivyo uwezekano wa virusi kumwingia na mafua kumshika ulivyokuwa mkubwa.

Hata kuhama kwenyewe si bure. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sehemu mbalimbali za ubongo hutoa amri mbalimbali: zile za mwendo huiamuru misuli itoe kemikali inayozivuta nutrofili kutoka kwenye uboho, ilhali kiini kimoja kidogo cha ndani kinachoendesha homoni za msongo huzipeleka limfosaiti na monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, kwenye uboho. Panya hao walipoambukizwa virusi vya homa ya mafua au vya korona wakati seli zao zimetawanywa hivyo, waliugua vibaya zaidi. Mlinzi aliyeitwa kambini usiku kucha hajafa, lakini lango la nyumbani kwake nalo halina mtu.

Swali lako la kwanza, basi, linajibika hivi kwa kadiri ninavyoweza: karatasi ya kwanza haithibitishi kwamba kinga yako imeharibika, na ya pili haithibitishi kwamba miaka mitatu ya kukesha haijakugusa. Zote mbili ni za kweli. Kila moja ilipiga picha ya barabara ileile kwa saa tofauti. Nina mfano mmoja unaokaribia sana hali yako. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya madaktari vijana waliokuwa zamu katika wodi ya wagonjwa mahututi, ukalinganisha na damu yao wenyewe walipokuwa mapumzikoni. Seli nyeupe zilikuwa nyingi zaidi walipokuwa kazini. Madaktari walikuwa walewale, tofauti ilikuwa zamu. Wewe umeufanya utafiti huo bila kujua, kwa siku tisa, na mdogo wako ndiye aliyeshika zamu.

Sasa nirudi pale niliposimama mara tatu. Ulihisi umenyang'anywa kitu. Nisamehe nikikosea, lakini nadhani ulichonyang'anywa ni shahidi. Kwa miaka mitatu hukuwahi kusema kwa sauti kwamba usiku umekushinda, au ulisema na hakuna aliyesikia, kisha ikaja karatasi yenye mhuri ikasema kwa niaba yako, na nyumba nzima ikatulia. Mtu wa namna hiyo akiambiwa shahidi wake amebadili maneno, kwa nini asihuzunike? Sioni kosa la kuonewa aibu hapo. Ninachokuuliza ni kitu kingine: ni nani aliyeweka sharti kwamba aliyechoka lazima awe mgonjwa ndipo asaidiwe? Ni kaka yako aliyelisema, au ni wewe uliyelidhani? Nimerudi kwenye barua yako kutafuta mahali alipolisema, sikupaona. Alisema umemzoea mama. Neno hilo linauma, lakini si sawa na kusema "nithibitishie kwamba unaumwa".

Tena fikiri hili kuhusu kaka. Mama anayemfahamu yeye ni yupi? Kama huja kumwona mchana, humkuta ameketi, ameoga, pengine anacheka. Mama wa saa nane usiku, yule anayetafuta mlango wa nyumba ya zamani, huenda hajawahi kukutana naye hata siku moja. Simtetei, kwani mtu mzima anaweza kuuliza. Ninasema tu kwamba ukimya wa siku mbili baada ya kuiona ile picha unaweza kuwa ni wa mtu aliyeshtuka, na si lazima uwe wa mtu asiyejali.

Kuhusu kikao, ninaona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Njia ya mume wako, ya kuweka karatasi ya kwanza mezani na kunyamaza, inaweza kufanikiwa siku hiyohiyo; naelewa kwa nini anaipenda, kwa sababu anakuona unavyonyauka na amechoka kuomba. Lakini mpango utakaosimama juu ya namba 900 utaanguka siku namba itakapopanda, na itapanda, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo atauliza kama kipimo kilirudiwa, nawe itabidi ama useme ukweli kwa kuchelewa, ama uujenge uwongo wa pili. Zaidi ya hayo utakuwa mgonjwa rasmi wa familia, na hilo lina gharama yake: huenda wakakuondolea mama kabisa, jambo ambalo katika barua nzima sikuona mahali ulipoliomba.

Unaweza pia kuziweka zote mbili na kueleza. Hapo utakuwa huna cha kuficha, na karatasi ya pili itageuka kuwa hoja yenyewe: hivi ndivyo damu yangu inavyokuwa baada ya usiku wa mama, na hivi ndivyo inavyokuwa baada ya siku tisa za kusaidiwa. Mwiba wake umeutaja mwenyewe, kwamba kaka atachagua kusikia neno "kawaida" na kuishia hapo. Tena lazima nikuonye, kwa haki, kwamba hoja hiyo haina nguvu kamili, kwa sababu saa za vipimo zilitofautiana, moja asubuhi na nyingine jioni, na sehemu ya tofauti ile ingetokea hata bila msaada wa mdogo wako. Ukiitumia, itumie kwa kiasi.

Au karatasi zibaki kwenye mkoba, uzungumze juu ya usiku. Uhesabu tu: mama huamka mara ngapi, ameanguka mara ngapi, wewe umelala saa ngapi. Ni njia ngumu kuliko zote, kwa sababu itakubidi useme kwa kinywa chako kile ambacho karatasi ilikusemea, na anaweza kutokea mtu akakujibu kwamba sote tumechoka. Wapo wanaotangulia kwa kumwomba ndugu alale nyumbani siku mbili kabla ya kikao na ashike usiku yeye mwenyewe. Huenda kaka akakataa. Huenda pia mama akahangaika zaidi kwa kuona sura asiyoizoea gizani, na hilo ulipime wewe unayemjua. Mdogo wako anaweza kuwa msemaji mzuri kuliko unavyodhani. Ameshakaa usiku tisa, na kikaoni hakuna mwingine mwenye ushahidi huo. Je, umemuuliza alionaje?

Vidonge vya kuongeza kinga nisivizungumzie sana. Hakuna kidonge cha dukani kinachoziambia limfosaiti ziende wapi, lakini mume wako alivileta kwa mapenzi, na unaweza kupokea mapenzi hayo bila kumeza kila kidonge. Mwonyeshe daktari chupa kwanza.

Kwa daktari huyohuyo ningepeleka na mambo mengine machache. Mwulize kama inafaa kipimo kirudiwe tena asubuhi, saa ileile ya kwanza, ili ulinganishe vinavyolingana. Mtajie dawa zozote unazotumia, zikiwamo za pumu, za ngozi au za maumivu ya viungo, kwa kuwa zile za jamii ya kortisoli hushusha limfosaiti kama msongo ushushavyo. Limfosaiti zikirudi chini na kukaa huko, isisemwe tena kuwa ni msongo tu. Zipo sababu nyingine zinazopaswa kutafutwa, kikiwamo kipimo cha VVU, ambacho ni cha kawaida katika hali hiyo na hakimtuhumu mtu. Homa isiyoeleweka, kupungua uzito, mitoki iliyovimba, jasho jingi la usiku, haya yakitokea usisubiri tarehe ya miadi. Vilevile mweleze kuhusu usingizi wako, hasa huko kuamka hata mama anapolala, kwa sababu hilo lina matibabu yake, na katika barua umelipita upesi kana kwamba ni jambo dogo.

Limebaki suala la mume wako, ambaye bado anadhani majibu hayajatoka. Sikulaumu kwa kumficha. Ulihitaji siku chache za kulibeba jambo lako peke yako kabla halijawa la watu wote. Lakini yeye ndiye atakayeketi kando yako kikaoni, na akija kuijua karatasi ya pili kwa mtu mwingine mbele ya kaka yako, sijui atakutazama vipi. Kumwambia kabla kunaweza kuleta ugomvi wa usiku mmoja. Kunaweza pia kumfanya aulize kile ambacho hajawahi kukiuliza kwa sababu karatasi ya kwanza ilimjibia, yaani wewe mwenyewe unataka mama akae wapi. Nami sikulisoma hilo katika barua yako. Nimesoma mume anachotaka, kaka anachokwepa, mdogo wako alichojitolea, na kwamba mkono wa mama huushika wewe kila usiku. Kama unalo jibu, hata la nusu, liandike mahali kabla ya mwisho wa mwezi. Na ukipata nafasi baada ya kikao niandikie tena, unieleze mlivyozungumza, na kidole kimefikia wapi.

Mshauri wako